Kondoo wa Kuzima Hasira

4 Novemba, Jumanne

Wamekuja wote wanane. Sikutarajia. Mahakama ya wilaya iliwapa kuchagua: darasa langu majira yote ya baridi, au mahabusu. Nilidhani wawili watatu wangechagua mahabusu, maana kule angalau hakuna mwanamke wa kuwafundisha.

Chumba ni maktaba ya zamani ya shule. Vitabu vilishahamishwa, zimebaki rafu na jiko la makaa ya mawe linalotoa moshi kuliko joto. Niliwapangia viti duara, kama mtaala unavyotaka. Wakavitazama, wakatazamana, wakaanza kupishana kama wako harusini: "Mzee, pita wewe, pita huku juu." Punde duara langu likawa mstari wa umri. Mzee Jumakadir, mfuga farasi, amekaa mbali kabisa na mlango, mahali pa heshima. Mdogo wao amekaa mlangoni anapigwa na upepo. Mimi mwalimu nimebaki wima.

Nikauliza swali la kwanza: kimekuleta nini hapa? Akajibu mkubwa wao.

"Mimi mke wangu nilimsukuma tu. Binti yangu ndiye aliyekimbilia polisi. Watoto wa siku hizi, we acha tu."

Aliyemfuata naye alisukuma tu. Wa tatu naye vilevile. Nani angethubutu kusema zaidi ya mkubwa wake? Wanaume wanane, hakuna hata mmoja aliyepiga! Kwa maelezo ya leo, mbavu za mke wa Jumakadir zilijivunja zenyewe, na vidole vya Begimai, mke wa Melis, vivyo hivyo.

Nimerudi nyumbani na hasira zangu. Nilifundisha kemia katika shule hii mpaka nikastaafu, kisha nikaenda mjini kusomea kazi hii ya kurekebisha watu. Nusu yao wamepita mikononi mwangu wakiwa na kamasi. Kemia hawakuishika. Hiki watakishika, wapende wasipende.

5 Novemba

Theluji imeanza. Nimekaa na Zuura, muuguzi wa zahanati. Yeye ndiye anayezungumza na wake zao. Wanachomwambia hakivuki mlango wake kuingia darasani kwangu, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Tumekubaliana hivyo na tumepeana mkono.

11 Novemba, Jumanne

Nimeshinda vita vya viti, tena bila kuvigusa.

"Mzee Jumakadir," nikamwambia, "kwenye karamu dua huomba nani?"

"Mkubwa wa waliopo. Swali gani hilo?"

"Mwanzo au mwisho?"

"Mwisho, watu wakishashiba."

"Basi na hapa mkubwa ndiye atakayefunga. Tunaanza na mdogo."

Akafungua mdomo, akaufunga. Satar, mwalimu wa michezo, kicheko kikamtoka puani. "Mzee, umefungwa goli."

Zamu ya Melis ilipofika, akasema. Huyu ni fundi wa kuchomelea, ana miaka thelathini na kitu, mpole, mikono imejaa makovu ya cheche. Hakutazama mtu. "Nilimshika Begimai mkono nikavikunja vidole. Nilisikia vinalia. Nilisikia, nikaendelea." Begimai alikimbilia kwa wazazi wake ng'ambo ya mlima, yeye na binti yao Aisuluu, na yuko huko mpaka leo.

Sijawahi kusikia mwanaume wa kijiji hiki cha Kizil-Dobo akisema hivyo. Nimefurahi kiasi cha kujionea aibu.

18 Novemba, Jumanne

Somo: hasira inaanzia wapi mwilini. Dalili ya mvua ni mawingu, nikawaambia, na kila mmoja wenu ana mawingu yake. Bakas, dereva wa lori la makaa, anapata moto masikioni. Melis shingo inakaza na taya linauma. Mzee Jumakadir hana kitu, yeye ni mzima.

"Mimi dalili yangu ni mama mkwe," akasema Satar. "Akishuka tu kwenye gari, mawingu hayo."

Wakacheka. Nikawaacha wacheke, kisha nikamwambia Satar aseme tena bila mama mkwe. Ikamchukua muda. Akasema ni tumbo, linakuwa kama ameshuka ngazi ambayo haipo.

25 Novemba, Jumanne

Somo: kutoka. Ukiona mawingu, mwambie mkeo, "Natoka, nitarudi," kisha toka. Usinywe, usiendeshe gari, usipitie kwa kaka yako akupandishe mori. Tembea mpaka mwili utulie, halafu urudi kama ulivyosema.

"Kwenye baridi hii?" akauliza Bakas.

"Vaa kofia."

29 Novemba, Jumamosi

Kijiji kizima sasa kinajua nani kakasirika. Leo asubuhi Satar amezunguka uwanja wa shule kwenye theluji ya magoti, na wanawake wako madirishani na vikombe vya chai. Jirani yangu kanisimamisha: "Mwalimu, umewafanya wendawazimu?" Nikamwambia mwendawazimu anayetembea hajampiga mtu. Nimepita nyumbani kwa Satar, nikaona mkewe kamtundikia glavu kwenye nguzo ya geti.

9 Desemba, Jumanne

Makaa yameisha. Tumechoma samadi kavu aliyoleta Jumakadir. Anaendelea kusema alisukuma tu.

16 Desemba, Jumanne

Bakas kampiga mkewe kofi juzi Jumapili. Kaja mwenyewe kusema, kabla hata sijafungua mlango wa darasa. Nimempigia askari wa kata simu yeye akiwa amesimama pale pale. Zuura kampeleka mke na watoto kwa dada yake.

"Kwa hiyo nimefukuzwa?" akauliza.

"Umeshtakiwa. Darasani Jumanne utakuja vilevile."

Nimechoka leo. Nilikuwa nimeanza kumwamini. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mimi sikuja hapa kukusanya wanaume wazuri.

30 Desemba, Jumanne

Baridi kali, wino umeganda kwenye kalamu. Wamekuja saba. Bakas kafika wa kwanza.

13 Januari, Jumanne

Jambo limetokea nisilolitegemea. Tulikuwa tunazungumzia amri: nani nyumbani anaamua, na anafanya nini asiposikilizwa. Mzee Jumakadir akanikatiza. Hii habari ya kupiga, alisema, mimi naielewa kwa farasi. Farasi hapigwi kichwani. Ukimpiga kichwani anakuogopa, na farasi anayekuogopa hakubebi kwenye barafu, anakutupa.

"Umewahi kumpiga farasi wako kichwani?" nikamuuliza.

"Mimi? Kamwe!" Alikasirika kweli. "Mimi si mshenzi."

Sikuongeza neno, na kwa mara ya kwanza hata Satar hakuongeza. Mzee alikaa akitazama jiko mpaka shingo ikawa nyekundu. Zamu yake ya kufunga ilipofika alisema, "Nilimpiga mke wangu Saliya teke. Alikuwa chini." Akavaa kofia akatoka.

Nilikuwa namchukia mzee huyu, naandika hapa wazi. Leo sijui.

20 Januari, Jumanne

Baada ya darasa Melis kabaki ananisaidia kupanga viti. Ndiye mwanafunzi wangu bora. Anafanya kila zoezi, anajua kila dalili, wenzake wanamuuliza yeye wakiona haya kuniuliza mimi.

"Dada Burul," akasema, "lini naweza kupeleka kondoo?"

Nilijua litakuja. Mke akikimbilia kwao, wazee wa upande wa mume huenda na kondoo wa kuzima hasira. Kondoo husimamishwa mlangoni, mkubwa wa wageni hufungua viganja akamwombea dua, watu husema amina, kisu hupita. Baada ya hapo hakuna hasira tena. Mke hufunga mizigo yake akarudi, na akikimbia mara ya pili baba yake mwenyewe humfungia mlango. Nimeona wanawake wangapi wamerudishwa kwa nyama ya mchana mmoja!

"Kondoo hakuna," nikamwambia. "Mpaka Begimai amwambie Zuura kwa kinywa chake kwamba anataka kuja."

"Lakini nimebadilika."

"Labda. Hilo ni lako. Kurudi ni kwake."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniwekea na kuni karibu na jiko.

3 Februari, Jumanne

Somo: kukiri. Si "ilitokea", si "shetani alinipitia". Nilifanya nini, kwa mkono gani, nani alikuwepo akiona. Melis kasoma lake. Kalia. Bakas kalia. Mimi pia, ila mimi nilisingizia moshi.

10 Februari, Jumanne

Naandika kabla hata sijavua koti.

Saa nane mchana nilifika darasani. Jiko baridi, viti vitupu. Nikakaa. Nikadhani njia imezibwa na theluji, lakini wote wanakaa mwendo wa dakika tano. Ndipo Zuura akaingia anakimbia, koti halijafungwa.

"Begimai kapiga simu. Wako kwa baba yake. Wote wanane."

"Wanafanya nini?"

"Wamekwenda na kondoo."

Gari la zahanati lina tairi mbovu, lakini Zuura anaendesha kama anayewahisha mwanamke mwenye uchungu wa uzazi. Njia nzima ya mlima nilikuwa napanga maneno, na yote yalikuwa matusi.

Uani kwa Mzee Sultanali, baba yake Begimai, kulikuwa na lori la Bakas. Kondoo alikuwa mlangoni, mweupe, mnene, kashikwa na Satar. Ndani wamekaa kuzunguka kitambaa cha chakula: maandazi ya boorsok, siagi, asali, kila kitu kimepangwa. Wamekaa kwa umri. Mzee Jumakadir yuko juu kabisa, na viganja vyake vimeshafunguka mbele ya kifua.

"Mzee, subiri!" nikasema. Nilipiga kelele, nadhani.

Wote wakageuka. Nilitegemea waone haya. Walifurahi! Satar uso ulimng'aa. "Dada Burul! Tulitaka tukuletee habari njema kesho. Ungesikia alivyosema!"

"Mwanafunzi wako katutoa machozi," akasema Sultanali. Alikuwa kweli anafuta macho. "Kasema kila kitu, hakuficha hata kidole. Mimi nimeishi miaka mingi, sijaona mkwe akijivua nguo hivi mbele ya wazee. Basi, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Nilihisi tumbo langu linashuka ile ngazi ya Satar. Kila neno nililowafundisha walikuwa wamelibeba mpaka hapa. Yale maneno yalikuwa kamba, na walikuwa wanamfunga nayo Begimai, kwa moyo mweupe kabisa.

"Begimai yuko wapi?"

"Jikoni," akasema mama yake, Kanishai. "Anakata tambi za supu."

"Kuna aliyemuuliza?"

Kanishai akanitazama kama niliyeingia bila kuvua viatu. "Mwalimu, wageni wameshakaa. Mwanamke anaulizwa nini wageni wameshakaa?"

Mimi kule ni mgeni, tena mwanamke, tena sikualikwa. Ningefoka, wangeninywesha chai na dua ingeendelea. Nikavuta godoro dogo la kukalia, nikaketi chini, upande wa mlangoni, pale anapokaa mdogo wa wote.

"Leo Jumanne," nikasema. "Tuna darasa. Mzee Sultanali, utaniwia radhi, nitafundishia hapa. Melis, nina swali moja. Akikataa?"

Melis akatabasamu. Alikuwa na macho mekundu, nywele kachana vizuri. "Hatakataa, dada."

"Akikataa?"

"Nimekiri yote. Nimelia mbele ya baba yake. Anataka nini zaidi?"

"Sijauliza anataka nini. Akikataa?"

Nikaliona taya. Wote waliliona, maana wamejifunza kuangalia. Satar akaacha kutabasamu.

"Dada, si mbele ya watu," akasema Melis taratibu.

"Mbele ya watu ndiko mlikokuja kuliongelea. Melis, akikataa?"

"Hawezi kukataa!" Alipiga kitambaa kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Kondoo huyu hapa mlangoni! Hawezi!"

Aisuluu alikuwa amejilaza kwenye paja la bibi yake. Kabla baba yake hajamaliza neno la kwanza, alikuwa ameshaziba masikio kwa mikono yote miwili, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mtoto aliyefundishwa afanye hivyo mpaka ipite. Hakulia hata kidogo.

Sultanali alimtazama mjukuu wake. Sijui kabla ya leo walikuwa wamemwambia nini babu huyu kuhusu vile vidole, pengine vilibanwa na mlango, pengine Begimai aliteleza kwenye barafu.

Begimai alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Unga mpaka kwenye viwiko. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havinyooki tena.

"Baba, sirudi," akasema. Sauti ilimtoka ndogo, akaisema tena. "Sirudi. Mkinirudisha nitatoka, na nikitoka sitakuja kwako, kwa hiyo hamtajua niko wapi."

"Nyamaza, wewe!" akanong'ona mama yake. "Wageni!"

Kila mtu akageukia juu, kwa Mzee Jumakadir, kwa sababu viganja vyake vilikuwa bado hewani. Akivipitisha usoni, amina, imekwisha. Nilimtazama yule mzee niliyemchukia tangu Novemba; mtaala wangu wote ulikuwa umekwisha.

Akavishusha. Akaviweka magotini kama mtu anayeweka mzigo.

"Kondoo huyu sijamwombea," akasema. "Arudi alikotoka."

"Mzee," akasema Satar, "kondoo akishaletwa harudi. Tutachekwa mpaka kaburini."

"Tutachekwa. Mpandishe garini."

Melis akasimama. Wanaume wote wakasimama pamoja naye, nami nikasimama, sijui ningefanya nini. Alimtazama Begimai. Begimai hakurudi nyuma, ingawa niliona ameshika mwimo wa mlango. Halafu Melis akatoka, bila kofia, bila kusema anakwenda wapi, akashika barabara ya mlimani. Bakas aliichukua kofia ya Melis akamfuata kwa miguu. Satar akaendesha lori, tukawakuta darajani. Melis alipanda lorini akakaa nyuma na kondoo.

11 Februari

Kijiji kinacheka. "Kondoo wa Melis" tayari ni msemo dukani.

13 Februari, Ijumaa

Mama yake Melis, Batma, kaja mpaka kwenye ngazi yangu. Anasema nimemnyang'anya mkwe na mjukuu, nimemvua mwanawe nguo, nimeharibu mila, na mimi mwenyewe ni mjane mkavu ninayewaonea wivu wenye waume. Nikamkaribisha chai. Akaitemea theluji akaondoka. Mimi ni mjane kweli. Wivu sina.

17 Februari, Jumanne

Melis hakuja. Darasa lilikuwa gumu. "Tulidhani tunafanya jema," akasema Bakas. Nikawaambia najua. Nikauliza: mlipokuwa njiani, mlimzungumzia nani? Melis, wakasema. Na Begimai? Wakafikiri. Satar akasema walikuwa wamezungumza kama atapika vizuri.

24 Februari, Jumanne

Hakuja tena. Zuura anasema niripoti mahakamani, na kanuni iko upande wake. Nimemwomba siku moja.

25 Februari

Nimekwenda kwenye karakana yake. Anatengeneza majiko. Hakuzima moto wa kuchomelea mpaka nilipogonga bati.

"Umeniaibisha mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo."

"Nilifanya kila ulichosema. Kila kitu! Nani mwingine alifanya kila kitu?"

"Hakuna. Ulifanya kila kitu kama anayejenga nyumba, ukamaliza, ukataka ufunguo. Begimai si ufunguo, Melis."

Taya likaanza. Mlango ulikuwa nyuma yangu, na nilijua uko hatua ngapi, kwa sababu mimi nami nimejifunza. Akaweka chini kifaa chake.

"Natoka," akasema, akinitazama mara ya kwanza. "Nitarudi."

Akatoka, akaniacha ndani ya karakana yake mwenyewe. Nilisubiri nikiota moto wa jiko ambalo halijakamilika. Aliporudi alikuwa na theluji kwenye nyusi.

"Jumanne, saa nane," nikamwambia. "Usipokuja, Jumatano naandika kwa hakimu."

3 Machi, Jumanne

Kaja. Mzee Jumakadir kamsogezea kiti.

10 Machi, Jumanne

Barabara zimeanza kuwa tope. Leo nilimwambia Melis, mbele ya wote kwa ruhusa yake, kwamba Begimai atakuja Jumanne ijayo kuchukua vitu vyake: cherehani, sanduku alilopewa na mama yake alipoolewa, magodoro aliyoyashona, kitanda cha Aisuluu. Atakuja na Zuura, kaka yake na askari wa kata.

Nilimwona anavuta pumzi. Nilisubiri aseme cherehani alinunua yeye. Kweli alinunua yeye.

"Siku hiyo nikae wapi?" akauliza.

Hakuna somo lenye swali hilo. Nikamwambia, kaa hapa.

"Na nyinyi mje," akawaambia wenzake. "Wote. Na mapema."

Nimeandika sentensi hizi tatu nne na nimezisoma mara mbili. Sitaki kufurahi tena kama nilivyofurahi Novemba. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo lenyewe bado liko pale, naliona.

17 Machi, Jumanne

Walifika kabla ya wakati. Satar alileta makaa. Hakuna aliyepishana na mtu, walikaa tu, Melis katikati, simu yake juu ya meza.

Nilianza somo. Leo lilikuwa kuhusu watoto, wanasikia nini kupitia ukuta. Nilifundisha vibaya, sikumbuki hata nilichosema, kwa sababu masikio yangu yalikuwa barabarani. Tulilisikia lori la kaka yake Begimai linapanda. Likasimama. Nyumba ya Melis haionekani kutoka maktaba, lakini kijiji ni kidogo, na tulisikia milango ya gari, kisha mbwa, kisha sauti ya Batma.

Simu ikalia. Kwenye kioo: Mama. Ikacheza mezani mpaka ikakatika. Ikalia tena. Melis aliweka mikono magotini, vidole vimefunguka, kama nilivyowafundisha, lakini shingo ilikuwa kamba. Ilipolia mara ya tatu Bakas akanyoosha mkono aizime.

"Iache," akasema Melis.

Akaipokea. Hakuiweka sikioni, aliishika mbele yake, na sauti ya Batma ikajaa chumba. "Uko wapi wewe? Wameshabeba cherehani! Wanatoa magodoro! Nimefunga geti, nimetia kufuli, lori halitoki, ufunguo ninao mfukoni mwangu. Huyo askari mvulana tu, hathubutu kunigusa. Njoo! Njoo uwe mwanaume! Yuko hapa uani, hana pa kwenda, njoo uongee naye!"

Hakuna aliyemtazama. Kila mtu alitazama magoti yake. Mimi nilitazama mlango, na ndipo nikaona kwamba Mzee Jumakadir hakukaa mahali pa heshima leo. Alikuwa amekaa mlangoni, kwenye upepo, na mguu wake mmoja ameunyoosha ukaziba njia.

Melis alisimama. Akasimama hivyo, simu mkononi, muda wa kutosha mtu kutembea mpaka kwake. Begimai alikuwa uani, nyuma ya geti lililofungwa, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba yuko tena nyumbani kwa Melis, mahali ambapo angeweza kumfikia.

"Mama," akasema. "Mama, wafungulie geti."

"Unasemaje?"

"Wafungulie geti, Mama. Watoke."

Batma alilia, akatukana, akamtaja baba yake marehemu. Melis alisikiliza yote. Hakukata simu mpaka tuliposikia, sote wanane na mimi, kufuli linagonga chuma na mnyororo unaanguka. Lori lilipita chini ya dirisha letu, magodoro mekundu yamefungwa juu. Melis hakwenda dirishani. Alikaa, akafunika uso, akalia kama anavyolia mtu aliyepoteza kitu kweli, na hakuna aliyemwambia anyamaze.